Maswali na Majibu: Mbinu za Kazi Zilizovuka Bahari Baada ya Vita

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba sehemu kubwa ya utaratibu wa kazi tunaofundishwa kwenye semina za hapa Arusha na Moshi ilisafiri kutoka nchi moja hadi nyingine baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Barua zilizofuata zimenilazimu kurudi kwenye jambo hilo. Nimeyafupisha maswali, lakini sikubadili maana yake.

Bosi wetu amerudi kutoka semina na kubandika ukutani maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Anasema hiyo ndiyo siri ya Wajapani. Je, ni kweli? (Fundi seremala, Majengo, Moshi)

Maneno ni ya Kijapani kweli: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke, yaani ondoa visivyohitajika, panga vinavyobaki, safisha, weka utaratibu mmoja, na uufuate kila siku. Aliyeyapatia Kiswahili chenye S tano vilevile anastahili pongezi, maana kazi hiyo si nyepesi. Neno ninalolipinga ni "siri", kwa sababu nyuma ya mbinu nyingi za viwanda vya Japani kuna mafunzo ambayo Wamarekani waliyatoa hadharani.

Mwaka 1940 serikali ya Marekani ilianzisha mpango ulioitwa Training Within Industry. Mafundi wazoefu walikuwa wakiingia jeshini, na viwanda vya silaha vikijaa watu ambao hawakuwahi kushika mashine, wakiwemo wanawake wengi waliotoka majumbani. Mpango huo uliwafundisha wasimamizi mambo matatu: namna ya kumfundisha mtu kazi, namna ya kuiboresha kazi yenyewe kwa kuihoji hatua moja baada ya nyingine, na namna ya kuishi vizuri na walio chini yao. Ufundishaji ulikuwa na hatua nne, yaani mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache ajaribu mbele yako, kisha mfuatilie. Hatua hizo nazo zilikuwa za zamani zaidi, kwani Charles Allen alizitumia kuwafundisha wajenzi wa meli wakati wa Vita ya Kwanza. Kufikia 1945 watu zaidi ya milioni 1.6 walikuwa wamepita kwenye mafunzo hayo, na msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, basi mwalimu hajafundisha.

Vita vilipokwisha Marekani iliufunga mpango, ilhali Japani iliupokea, na Toyota ikaendelea kuwafundisha wasimamizi wake kwa misingi hiyo. Huko ndiko wazo la kuboresha kazi kidogo kidogo, ambalo leo tunaliita kaizen, lilikopata sehemu ya nguvu zake.

Kuhusu bango la bosi wako, niruhusu nieleze nilichokiona mwenyewe mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha. Karakana moja ina bango zuri la rangi, na chini yake patasi zimerundikwa ndani ya debe pamoja na misumari iliyopinda. Ya pili, ng'ambo ya barabara, haina bango lolote, ila ina ubao uliochorwa kivuli cha kila kifaa, na jioni kijana wa mwisho kutoka hafungi mlango mpaka kila kivuli kiwe kimefunikwa na kifaa chake. Mwulize bosi wako anakusudia ipi kati ya hizo mbili.

Kwa nini Marekani imfundishe adui iliyemshinda? Au ililazimisha? (Mwanafunzi wa uhasibu, Arusha)

Mwanzoni ilikuwa ni haja ya mtawala mwenyewe. Jeshi lililoikalia Japani lilihitaji simu na redio zinazofanya kazi, na vifaa vilivyotoka katika viwanda vya huko vilikuwa vibovu kupita kiasi. Kwa hiyo wahandisi wawili, Homer Sarasohn na Charles Protzman, waliandaa kozi ya uongozi wa viwanda iliyotolewa Tokyo na Osaka kati ya 1949 na 1950. Baadaye mbio za kuzuia ukomunisti ziliongeza sababu nyingine, na ndizo pia zilizosukuma Mpango wa Marshall kule Ulaya kuanzia 1948. Pamoja na dola zipatazo bilioni 13, mpango huo uliwapeleka mameneja na wafanyakazi wa Ulaya kutembelea viwanda vya Marekani na kujionea.

Hata hivyo, shuruti haielezi kilichofuata. W. Edwards Deming, mtakwimu wa Kimarekani, alifundisha Japani namna ya kudhibiti ubora wa bidhaa mwaka 1950 kwa mwaliko wa chama cha wanasayansi na wahandisi wa huko, na mwaka uliofuata chama hicho kikaanzisha tuzo yenye jina lake. Joseph Juran, Mmarekani mwingine mtaalamu wa ubora, alifuata 1954. Waliokaa kuwasikiliza walikuwa wakuu wa makampuni, watu ambao bidhaa zao zilikuwa zikidharauliwa nje na ambao walijua kwamba nchi isiyo na mafuta wala chuma cha kutosha lazima iuze ili ile. Nyumbani kwao Marekani, ambako kila kilichotengenezwa kilinunuliwa, Deming alibaki karibu hajulikani hadi kipindi cha televisheni cha 1980 kilipomtangaza. Miaka minne baadaye General Motors na Toyota walikuwa wakiendesha kiwanda kwa ubia pale Fremont, California, na Wamarekani wakajifunza upya mambo ambayo sehemu yake yalikuwa yametoka kwao.

Je, ushirika wetu wa kahawa nao ni zao la vita? (Mstaafu, Kibosho)

Kwa njia ya kuzunguka, ndiyo. Vita ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani na kuwaleta Waingereza, na chini yao wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, baada ya kutungwa sheria ya vyama vya ushirika. Mfano wa ushirika wenyewe ulitoka Rochdale, Uingereza, tangu 1844, na sheria za aina hiyo Waingereza walikuwa wamezijaribu India tangu 1904. Lakini kahawa na ubishi wa bei ni vya wenyeji.

Kama wataalamu wa baada ya vita walikuwa hodari hivyo, mbona karanga za Kongwa zilishindikana? (Mkulima, Hai)

Swali hili nimelipenda kuliko yote, mzee wangu. Mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Kongwa, mkoani Dodoma, ulianza 1947, miaka ileile, na ulibeba imani ileile kwamba kilichoshinda vita kingeshinda pia pori. Matrekta mengi yaliyotumika yalitoka katika mabaki ya vifaa vya jeshi, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, mvua zake hazitabiriki, na mashamba ya majaribio hayakutangulia. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na takribani pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Wajapani walipewa mbinu wakazijaribu kiwandani, wakazikata na kuziunga upya, wakati Kongwa ilipokea mpango uliokwisha kuamuliwa London, na Wagogo walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa.

Nina duka la vipuri. Nimesikia kuhusu kanban. Je, naweza kuitumia bila kompyuta? (Mfanyabiashara, Arusha)

Unaweza, maana kanban, yaani kuagiza bidhaa kwa kutumia kadi, ilizaliwa bila kompyuta. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika, wafanyakazi waligoma, na mkuu wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Oda za malori ya jeshi la Marekani kwa ajili ya vita vya Korea ndizo zilizoinusuru. Kampuni iliyopita hapo haikuwa na fedha za kulaza stoo. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua, akaligeuza wazo hilo kuwa kadi.

Kwako itakuwa hivi. Tuseme unauza filta nne za oili kwa wiki, na mzigo kutoka Dar es Salaam hukufikia baada ya wiki moja. Weka kadi mbele ya filta sita za mwisho, ikiwa na jina, saizi, msambazaji na idadi ya kuagiza. Kijana akiifikia kadi, aitundike kwenye msumari ulio karibu na kaunta, na jioni wewe unaagiza kilichotundikwa, basi. Hizo mbili za ziada ni kwa ajili ya lori linalokwama njiani, jambo ambalo Toyota, yenye wasambazaji wa karibu, haikulihofia sana.

Mjomba wangu, aliyekuwa na duka dogo karibu na stendi ya Moshi, alifanya jambo la namna hiyo kwa vipande vya boksi la sabuni bila kumsikia Mjapani yeyote. Mpango ulikwenda vizuri mpaka ile miaka ya mwanzo ya themanini, bidhaa zilipoadimika nchi nzima. Kijana wake aliendelea kutundika kadi kila siku kama alivyoagizwa, hadi msumari ukajaa na mjomba akalazimika kupigilia wa pili.