Emmy Hennings hakuwa "mke wa Hugo Ball" tu

Umeuliza kama Emmy Hennings alifanya lolote katika Dada, harakati ya wasanii waasi iliyoanzia Zurich, Uswisi, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zaidi ya kuwa mke wa Hugo Ball, mshairi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Alifanya mengi, tena ndoa yenyewe ilifungwa 1920, mambo makubwa ya Dada huko Zurich yakiwa yamekwisha.

Alizaliwa Flensburg, Ujerumani, 1885. Kabla ya Dada alishazunguka miaka na vikundi vya maigizo, akiimba kwenye kabareti (kumbi za burudani za usiku) za Berlin na Munich, na mashairi yake yalikuwa yamechapishwa. Kwa hiyo Cabaret Voltaire, ukumbi wa Zurich ambako Dada ilianzia, ilipofunguliwa tarehe 5 Februari 1916, pale mtaa wa Spiegelgasse namba 1, katika waanzilishi wote yeye ndiye aliyekuwa mzoefu zaidi wa kutumbuiza jukwaani. Wengine wengi walikuwa washairi na wachoraji wenye mawazo makali. Yeye alijua namna ya kumtuliza mlevi wa meza ya nyuma asikilize. Aliimba, akaghani, akacheza dansi akiwa amevaa vinyago vya usoni vya msanii mwenzao Marcel Janco, na kuigiza kwa wanasesere aliowatengeneza mwenyewe. Watu walikuja kumwona yeye, kusema kweli.

Maisha yake hayakuwa mepesi: umaskini, dawa za kulevya, kifungo Munich. Kifungo hicho alikigeuza riwaya, *Gefängnis* (yaani "Gereza"), ya 1919. Mimi ningeanza na hiyo kuliko ilani za wanaume wa Dada.

Ball alifariki 1927. Emmy aliendelea kuandika, akiwa Mkatoliki wa dhati, hadi alipofariki 1948 huko Ticino, Uswisi.