Mashine Inateleza Kuelekea Bwawani, Nifanyeje?

SWALI: Kingo za bwawa langu la samaki ni mteremko mkali, na nyasi zimenifika magotini. Juzi nilipanda mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuketi, ikaanza kuserereka kuelekea majini, nikaruka. Jirani ananishauri nipulize dawa nyasi zote zife. Unasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru umetoka salama. Mashine hiyo usiirudishe ukingoni. Nyingi za aina hiyo mwisho wake ni mteremko wa digrii 15. Chukua fimbo ya mita 1, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ilaze sawa kwa pimamaji, kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka hadi chini. Ikizidi sentimita 27, umepita kipimo. Na hata isipozidi, kaa mbali na maji: tairi likishateleza, breki haisaidii.

Tumia mashine ya kufyekea ya kuning'iniza begani, au fyekeo la mkono. Tembea kukingama mteremko, umande ukiwa umekauka, na awepo mtu wa pili. Niliwahi kuteleza nikiwa peke yangu, mashine inanguruma mkononi, nikajikuta maji yako kifuani. Tangu siku hiyo sifyeki ukingo bila mwenzangu.

Dawa, hapana, tafadhali. Mizizi ya nyasi hizo ndiyo inayoushika udongo. Ziue, na mvua kubwa ya kwanza itaushusha ukingo bwawani, pamoja na sumu yenyewe.

Wala usizinyoe. Lengo ni sentimita 10 hivi, ila zimeshakuwa ndefu, kwa hiyo punguza theluthi moja kila awamu. Ukanda wa mita 1 au 2 unaopakana na maji uache urefuke. Hapo ndipo matope na mbolea inayosombwa na mvua hunaswa. Wengi huuona uchafu. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote. Miche ya miti tu ndiyo uing'oe ingali michanga, hasa kama ukingo ni tuta la kuzuia maji, kwa sababu mizizi mikubwa ikioza huacha njia za maji kupenya.

Nyasi ulizokata zivute kwa reki kwenda juu, siku hiyohiyo. Zikiingia majini huoza, na kuoza huko hula oksijeni. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, opoa kila jani kabla ya kazi nyingine yoyote.