Re: Jiko la mkaa chumbani usiku, makaa yakishakolea si ni salama?
Mkuu umeuliza kama makaa yakishakolea na moshi umeisha unaweza kuliingiza jiko chumbani mlale nalo, maana baridi ya Njombe mwezi huu wa saba haivumiliki na mna kichanga. Hapana ndugu yangu, usifanye hivyo hata siku moja. Moshi kuisha sio gesi kuisha, yale makaa mekundu ndo yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na ikiingia kwenye damu inaing'ang'ania himoglobini (ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni) kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwahiyo mwili unakosa hewa huku wewe unasikia usingizi tu. Aliyelala hashtuki, ndo ubaya wake.

Habari ya sufuria la maji juu ya jiko au kufungua kadirisha kidogo achana nayo, maji hayaizuii hii gesi na upenyo mdogo hautoshi. Sisi kwetu Makete tunaota moto mlango wazi, muda wa kulala jiko linatoka nje kabisa hata kama ni majivu yenye moto, halafu mablanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye kanga miguuni.

Mkiamka kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, tena nyumba nzima, msiseme malaria, tokeni nje haraka muende hospitali na muwaambie mlilala na jiko, ili wawawekee oksijeni mapema. Tafadhali kaka, litoe leo leo.