Ukienda Bologna, tembea kwa miguu na ufuate saa ya jua

Wengi wetu tukishapata viza na kufika Italia, tunakimbilia Roma, tunapita Florence, tunamalizia Venice. Bologna tunaiona kupitia dirisha la treni. Nami nilipanga hivyohivyo safari ya kwanza, nikajikuta nina saa tatu za kungojea treni nyingine pale. Mwaka uliofuata nilirudi nikakaa siku nne, na kuna mambo ambayo laiti mtu angenidokeza mapema.

La kwanza, usitoke stesheni mbio. Kwenye ukuta wa nje kuna saa inayoonyesha saa nne na dakika 25 na haisogei. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980, wakati huo hasa, bomu lililotegwa katika ukumbi wa kungojea liliua watu 85 na kujeruhi zaidi ya 200. Ukumbi ungali unatumika. Majina ya marehemu yameandikwa ukutani pamoja na umri wao, mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 3, na chini yake abiria wameketi na mabegi yao wanakula mikate. Nilisoma majina yote, treni ikaniacha.

Kutoka hapo hadi katikati ya mji unaweza kutembea karibu njia nzima ukiwa kivulini. Wenyewe wanaziita portici: njia za waenda kwa miguu zinazopita chini ya ghorofa za nyumba za watu, zikibebwa na nguzo na matao. Mji mzima una kilomita 62 za njia hizo, na UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Asili yake ni msongamano. Chuo kikuu, ambacho chenyewe huhesabu umri wake tangu 1088, kilivuta wanafunzi kutoka kila upande, na wenye nyumba wakaanza kutokeza vyumba vya juu kuelekea barabarani na kuviwekea nguzo. Mwaka 1288 mji ukatoa amri nyumba ziwe na portici, na njia ibaki wazi kwa kila mtu. Nyumba ina mwenyewe, lakini kivuli ni cha wote. Mtu aliyezoea baraza za Mji Mkongwe ataelewa haraka. Pale Corte Isolani, barabara ya Strada Maggiore, tazama juu: nguzo ni za mbao, za karne ya 13, ndefu kuliko unavyotarajia.

Minara miwili ya kale iliyo katikati ya mji usiiwekee matumaini makubwa. Asinelli una mita 97 na ngazi 498, nami nilikuwa nimejiandaa kwa viatu na pumzi. Lakini jirani yake Garisenda, wenye mita 48, umeinama kiasi cha kutia hofu, na tangu Oktoba 2023 eneo lilizungushiwa uzio. Ulizia kabla hujaahidi watoto. Hata ukiwa chini, simama karibu na uzio utazame mawingu yakipita juu ya Garisenda. Utarudi nyuma hatua mbili bila kupenda.

Kanisa la San Petronio, pale Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, ndilo lililonirudisha mara tatu. Ujenzi ulianza 1390 na uso wake haujamalizika mpaka leo: chini marumaru, juu matofali matupu. Ndani, sakafuni, kuna mstari wa karibu mita 67 uliowekwa na mwanaastronomia Cassini mwaka 1655. Juu darini kuna kitundu kidogo. Jua likipinduka, mwanga unaopenya hapo unakata ule mstari, na mahali unapokata panaonyesha tarehe.

Siku ya kwanza nilifika saa sita kamili nikasimama kama mlinzi. Hakuna kitu. Kosa langu mwenyewe: simu inafuata saa ya serikali, kanisa linafuata jua. Mwalimu wetu wa madrasa alitusimikia kijiti uani ili tujue adhuhuri imeingia, na bado nilisahau! Mwezi Juni nenda saa saba na robo mchana. Desemba, kama saa sita na dakika kumi. Hakikisha kwanza kanisa halifungwi mapema siku hiyo, na mbingu iwe safi. Siku ya tatu niliuona: duara la mwanga lenye ukubwa wa sahani ya wali, likitambaa sakafuni, unaliona kwa macho likisogea, likaupanda mstari, likauvuka. Dakika mbili tu. Mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake.

Hatua chache kutoka hapo ni Archiginnasio, jengo la chuo la 1563, lenye chumba cha mbao walimofundishiwa madaktari kupasua maiti mezani. Bomu la Januari 1944 lilikivunja, wakakijenga upya kwa vipande vilivyookotwa kwenye kifusi. Kipaa cha juu ya kiti cha mwalimu kimebebwa na sanamu mbili za watu waliochunwa ngozi. Mwenye moyo mwepesi akae nje.

Chakula: mortadella, soseji yao maarufu, ni nguruwe, na mchuzi wao wa nyama mara nyingi huchanganywa naye. Uliza.

Siku ya mwisho panda San Luca, kanisa lililo juu ya kilima. Kuanzia Porta Saragozza unatembea chini ya matao 666, karibu kilomita nne, na baada ya tao la Meloncello ni mlima mtupu. Beba maji. Kipo kitreni cha watalii kinachopanda kutoka Piazza Maggiore, lakini mimi nilipitwa na bibi wa miaka sabini na kitu, rozari mkononi, na aibu ilinizuia kukipanda.