Jibu: Tangi la mtumba kwa kufugia matumbawe

Ndugu, umeuliza kama ni salama kuanza kufuga matumbawe kwa tangi na vifaa vya mtumba. Nunua, ila kwanza muulize muuzaji kama aliwahi kutibu samaki humo kwa dawa ya shaba. Shaba hujificha kwenye mawe na mchanga, kisha hurudi majini polepole. Samaki huweza kuistahimili kidogo, lakini kamba, konokono na matumbawe hufa. Akisitasita kujibu, mwachie mawe yake. Pitisha kidole kwenye silikoni (gundi inayoshikanisha vioo) ya pembeni: ikibanduka, achana na tangi hilo. Likiwa zima, lijaze maji siku mbili, karatasi kavu chini ya viungo, uone kama linavuja. Pampu iliyoganda chokaa iloweke kwenye siki. Hita (kifaa cha kupasha maji joto) nunua mpya kabisa. Ikigoma kuzima usiku, asubuhi utakuta vyote vimekufa.