Barua kwa Mwanangu Aliyeniuliza Kuhusu ADHD

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama kweli mtu wa miaka 34 anaweza kugundulika kuwa na ADHD, yaani hali ya kukosa umakini na utulivu inayoanza utotoni, au ni jina la kistaarabu la uvivu kama anavyodai kaka yako. Tena unaniomba niandike jinsi ulivyokuwa utotoni, kwa kuwa daktari wako huko Leicester anataka maelezo ya mzazi.

Hilo la kwanza hata mabingwa wamelibishania. Mwaka 2010 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilizipa pande mbili nafasi ya kujibu swali hilohilo. Philip Asherson na wenzake walisema utambuzi huo ni halali hata kwa watu wazima. Joanna Moncrieff na Sami Timimi walikataa, wakieleza kwamba dalili zake zinaingiliana mno na za maradhi mengine ya akili. Mimi niliyeuguza watu miaka mingi nina shaka moja zaidi: dawa za ADHD za jamii ya amfetamini humchangamsha hata asiyeumwa, kwa hiyo ukimeza kidonge ukaona nafuu, usidhani umekwisha kupata jibu.

Utafiti ulionishughulisha zaidi ni wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Ripoti yake ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba waliokutwa na dalili hizo wakiwa na miaka 38, karibu wote hawakuwa wale waliogunduliwa utotoni. Wengine walipokuja kuwachunguza kwa makini watu wanaosemekana kuanza ukubwani, waliona kuwa kwa wengi wao dalili zilitokana na ulevi au maradhi mengine. Nao mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, unataka dalili kadhaa ziwe zimejitokeza kabla ya miaka 12, na ndiyo maana daktari wako ananitafuta mimi.

Nami kumbukumbu zangu siziamini sana, kwa sababu tangu nisome barua yako kila utundu wako umegeuka dalili. Kwa hiyo nimefungua sanduku nikatoa ripoti zako za shule. Darasa la tatu mwalimu aliandika kwamba una akili ila hutulii. Darasa la tano, mwalimu mwingine, karibu maneno yaleyale. Kuna na yale masweta matatu uliyopoteza katika muhula mmoja, kwa baridi ile ya Lushoto, nami nikakuchapa kwa kila moja. Hilo nalijutia, liwe na jina la kitabibu au lisiwe nalo. Lakini nitamwandikia daktari pia kwamba uliweza kukaa kutwa nzima ukifungua na kufunga redio ya marehemu baba yako bila kukumbuka kula, kwa maana sitaki kumpa upande mmoja tu.

Kwa maoni yangu ADHD ya ukubwani ipo, ila mpaka wake umechorwa kwa mkono mwepesi, na asiye nayo anaweza kuingizwa humo. Mwambie daktari kwamba huu ni mwaka wa pili unafanya kazi za usiku, na mwombe akupime tezi ya shingo na akuulize kuhusu usingizi na huzuni kabla hajaandika dawa.

Nakala za ripoti nitazituma Jumatatu. Kwa kaka yako niachie mimi.

Mama yako