Jibu: Je, kununua ardhi kunatosha kuokoa ardhioevu ya pwani?

Ndugu, umeuliza kama fedha za kikundi chenu zinunue kinamasi cha pwani au zitumike kupanda mikoko. Kwa maoni yangu ununuzi ndio msingi, kwa kuwa mmiliki mwenye haki ya kumwaga kifusi na kujenga anaweza kuifukia miche yenu yote kwa siku moja. Ufaransa iliunda mwaka 1975 taasisi ya umma, Conservatoire du littoral, inayonunua ardhi ya pwani ili isiuzwe tena.

Hata hivyo, hatimiliki peke yake hairudishi maji. Kusini mwa ghuba ya San Francisco, Marekani, zaidi ya ekari 15,000 za mabwawa ya kuvunia chumvi zilinunuliwa kwa ajili ya umma mwaka 2003, na kazi ya kuzirejesha kuwa ardhioevu ingali inaendelea, kwani udongo uliokingwa kwa matuta hudidimia hadi chini ya usawa wa bahari. Tuta likitobolewa mahali panapofaa, maji kujaa huingia yakiwa na tope laini, nalo hutua tabaka juu ya tabaka, hata mimea inayostahimili chumvi ikaota yenyewe.

Nakusihi sana usiisahau ardhi ya juu iliyo nyuma ya kinamasi. Bahari inapopanda, mikoko huhitaji nafasi ya kurudi nyuma, na ikikuta ukuta huzama. Kinunueni kipande hicho mapema, kikiwa bado shamba, na wanaovua kaa kinamasini washirikishwe kabla ya mkataba kutiwa saini.